Ukaguzi wa Virusi Usioanza: Kompyuta za Mtumba Katikati ya Lubumbashi

Komini ya Lubumbashi ndiyo kitovu cha jiji. Ofisi za serikali, benki na posta ziko humo, na pembeni mwake kuna vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi ambavyo wenyeji wanaviita secrétariat public. Mwanafunzi anakuja na tasnifu yake kwenye flashi, mfanyabiashara analeta barua ya maombi, na flashi zote mbili zinachomekwa kwenye kompyuta ileile. Kompyuta yenyewe aghalabu iliingia mjini ikiwa mtumba. Antivirusi imo na ratiba ya ukaguzi imepangwa, lakini ukifungua kumbukumbu zake si ajabu kukuta ukaguzi wa mwisho ni wa miezi mingi iliyopita.

Mafundi wengi wakifika hapo hukimbilia kuformati. Makala hii inaipinga haraka hiyo. Kuformati kunahatarisha mafaili ya wateja, kunakula siku nzima ya kazi, na baada ya muda ukaguzi unagoma tena, kwa sababu mara nyingi programu haikuwa na kasoro tangu mwanzo. Ratiba ilitungwa kwa ajili ya mashine inayokesha, yenye umeme wa uhakika na saa isiyopotea. Katikati ya Lubumbashi, mashine ya namna hiyo ni nadra.

Umeme ndio wa kwanza kuchunguzwa. Microsoft Security Essentials, iliyokuwa kinga ya kompyuta nyingi za Windows 7, ilipangiwa na watengenezaji wake kukagua Jumapili saa nane usiku. Windows 10 nayo imeweka matengenezo yake ya kila siku, ukaguzi wa Defender, antivirusi yake yenyewe, ukiwemo, saa hiyohiyo ya usiku. Wakati huo kibanda kimefungwa na swichi kubwa imezimwa. Mchana nako kuna mgawo wa umeme. Eneo hili lina mabwawa, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na umeme wa mabwawa ya Inga unasafiri takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Lakini migodi ya shaba na kobalti inameza sehemu kubwa, na mwenye kibanda anabaki akisubiri zamu yake.

Fundi afungue kipanga kazi cha Windows, ambacho kwenye mashine za Kifaransa kinaitwa Planificateur de tâches, aifuate njia ya Microsoft, Windows, kisha Windows Defender, na aitazame kazi ya ukaguzi. Kwenye ukurasa wa masharti kuna visanduku vidogo ambavyo watu huvipita bila kuvisoma. Kimoja kinasema kazi ianze tu kompyuta ikiwa kwenye umeme wa ukutani. Kingine kinataka isimame mara inapohamia kwenye betri. Laputopu inayofanya kazi kwa betri wakati wa mgawo haitakaguliwa kamwe chini ya masharti hayo. Hata kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa waya wa USB na kifaa cha kuhifadhi umeme inaweza kuhesabiwa kuwa iko kwenye betri. Sharti la tatu ni kwamba mashine iwe haina shughuli, na kwenye kibanda chenye foleni nafasi hiyo haipatikani. Kwenye ukurasa wa mipangilio kipo kisanduku cha kuiamuru kazi ianze mapema iwezekanavyo ikiwa ilikosa saa yake. Hicho kiwekewe alama kabla ya kugusa kingine chochote.

Saa ya kompyuta inastahili muda zaidi, maana hapo ndipo mafundi hodari hupotea.

Kwenye ubao mkuu wa kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, bapa, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032 na ina volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa mashine inapokuwa haina umeme. Ikichoka, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka 2009 au mwingine wa zamani, kutegemea ilitengenezwa lini. Ratiba iliyowekwa ianze 2024 inaonekana kuwa bado haijafika tarehe yake. Vyeti vya usalama vya seva za masasisho navyo vinasomeka kana kwamba havijaanza kutumika, kwa hiyo orodha mpya ya virusi haishuki. Mwenye mashine analaumu intaneti, kumbe dawa ni betri ya bei ndogo inayopatikana sokoni.

Baada ya betri, majira ya saa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Kompyuta iliyowekwa majira ya Kinshasa na kupangiwa ukaguzi saa sita mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, itaanza saa saba ya hapa, wateja wamesharudi. Iliyotoka Ubelgiji na kuachwa na majira ya Brussels inasumbua zaidi: miezi ya kiangazi cha Ulaya inakwenda sawa na Lubumbashi, kisha mwishoni mwa Oktoba inarudi nyuma saa moja. Kuisogeza mishale kwa mkono hakusaidii, kwani ikikutana na intaneti itajirekebisha. Chaguo sahihi ni lile la Harare na Pretoria.

Ukaguzi ukianza bila kumalizika, ushahidi uko kwenye daftari la matukio la Defender. Namba 1000 ni ukaguzi kuanza, 1001 kumalizika, 1002 kusimamishwa na 1005 kushindwa. Mashine yenye 1000 nyingi bila 1001 inakatishwa njiani, ama na umeme ama na mtu aliyechoka kusubiri. Kwa diski ngumu ya zamani na RAM ya GB 2, ukaguzi kamili unaweza kula saa nyingi. Afadhali ukaguzi wa haraka kila siku, unaopitia RAM na sehemu ambako virusi hupenda kujichimbia, na ule kamili ufanywe siku ambayo umeme unatarajiwa kudumu.

Antivirusi ya majaribio iliyoisha muda lakini haijaondolewa nayo inaweza kuwa chanzo, kwani Windows ikiitambua huiweka Defender pembeni. Ing'olewe kabisa.

Kwa vibanda vya flashi kuna jambo la hatari. Kwa mpangilio wa awali, ukaguzi kamili wa Defender haupitii flashi; faili lake linaangaliwa linapofunguliwa tu. Kila flashi ikaguliwe kwa mkono kabla ya kufunguliwa, hata kama ratiba inakwenda vizuri.

Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na ile isiyopata sasisho la sahihi za SHA-2 la 2019 haipokei tena orodha za virusi, hata ratiba ikipangwa namna gani. Windows 10 nayo ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa orodha za Defender zimeahidiwa hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo mashine ya Windows 10 inastahili betri mpya na ratiba ya mchana leo hii, na ile ya Windows 7 itolewe kwenye meza ya kupokea flashi za wateja.