Kazi Ivutwe, Isisukumwe

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali na walimu wa Kibondo)



Wenye umri wangu tunalikumbuka vizuri sanduku la dawa la miaka ya 1980. Lilifika katika kila zahanati likiwa na dawa zile zile na kwa kiasi kile kile, wagonjwa wa malaria wawe wengi au wachache. Dawa moja ilikwisha kabla ya mwezi kwisha, nyingine ikaharibika rafuni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Dawa zilisukumwa na mtu asiyemwona mgonjwa. Baada ya Bohari ya Dawa kuundwa kwa sheria ya mwaka 1993, utaratibu ulibadilika hatua kwa hatua: zahanati ikahesabu ilichonacho, ikajaza fomu, ikaagiza inachohitaji. Dawa zikavutwa. Upungufu haukwisha, lakini walau ulianza kuonekana ulipo.

Huko Japani, mhandisi Taiichi Ohno wa Toyota alijenga utaratibu wa namna hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Kadi ndogo, iitwayo kanban, ilirudi kwa fundi wa hatua iliyotangulia kumwarifu kwamba vyuma vimetumika, atengeneze vingine kiasi fulani. Bila kadi, hatengenezi. Leo kadi hizo zimeingia katika kompyuta za ofisi, katika ubao wenye safu tatu: kazi zinazongoja, zinazofanywa na zilizokwisha.

Nami nasema kwamba ubao huo, kama wengi wanavyoutumia, ni lile sanduku la dawa limerudi. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, mkuu aliichukua kadi na kuiweka chini ya jina la karani amtakaye. Siku moja nilihesabu kadi 23 chini ya jina moja, zote zikiwa katika safu ya zinazofanywa. Mojawapo ilikuwa madai ya mwalimu ya nauli ya likizo. Mwalimu huyo alikuja kwa basi mara nne kutoka kijijini, na kila mara alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Ubao ulimuunga mkono aliyejibu! Mshika mbili moja humponyoka. Sembuse mshika ishirini na tatu?

Hapana budi ubao huo urekebishwe. Safu ya kazi zinazofanywa iwekewe kikomo, tuseme kadi tatu kwa kila karani, na kompyuta ikatae ya nne. Nasisitiza ikatae, maana kuna programu ambazo hugeuza rangi tu ikawa nyekundu, nasi watu wa ofisi huizoea nyekundu upesi. Kisha patengwe safu ya kazi zilizo tayari kuchukuliwa: karani akimaliza aiweke kadi hapo, na mhasibu aivute mwenyewe apatapo nafasi. Kadi zikirundikana hapo, tutajua msaada upelekwe wapi. Kila kadi nayo ionyeshe siku ilizokaa.

Yuko atakayesema kwamba karani atachagua kazi nyepesi. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo sababu mpangilio wa safu inayongoja yafaa ubaki mikononi mwa mkuu: yeye aamue ipi iwe juu, na karani avute ya juu, si aipendayo. Na dharura ikizuka, mkuu asiongeze kadi ya nne. Aseme ni ipi kati ya zile tatu irudi kungoja, na ubao uandike jina la aliyeirudisha.