Mbaraka hakuwa peke yake

Ubishi wa nani zaidi, mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz au yule wa Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973, unasikika Songwa hadi Geita, lakini tunapima kwa mizani ya kuazima, ile ya nyota wa peke yake. Paul McCartney aliachana na Beatles mwaka 1970 akatoa albamu kwa jina lake. Mbaraka alitoka bendi akaunda bendi, na kazi yake ilienda kwa santuri ndogo: gitaa likikolea linakatika, unageuza upande wa pili, linaendelea. Utasema wimbo wa “Shida” ni sauti yake mwenyewe. Naam, ila ondoa besi na waitikiaji, usikie kinachobaki. Na albamu za mfululizo wa Ukumbusho zilipangwa na wengine, baada ya ajali ya Mombasa kumchukua, Januari 1979.