Injini Ikizimika Hewani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Malinya)



Mtauliza, sisi wa Malinya tuna habari gani na ndege ya kunyunyizia dawa? Mashamba yetu huku Ikolomani ni madogo, tena ni ya vilima na mawe. Lakini watoto wetu huenda kutafuta kazi popote. Nzige walipoingia Kenya mnamo Desemba 2019, ndege ndogo zilitumwa kuwanyunyizia dawa. Ndege ya namna hiyo haifanyi kazi bila watu wa chini: wa kupima dawa, wa pampu, wa kutia petroli. Hao ni wafanyakazi, kwa hivyo ni habari yetu.

Ndege hizi huruka chini sana, pengine mita chache tu juu ya mimea. Injini ikizimika, rubani hana dakika, ana sekunde. Kwanza huinua pua, ili mwendo alio nao umpatie kimo kidogo. Pili huvuta mkono wa tangi na kumwaga dawa yote. Katika ndege ya Piper Pawnee, iliyoanza kutengenezwa 1959, tangi huchukua karibu lita 570. Kuimwaga ni kutua mzigo wa nusu tani na zaidi. Tatu hushusha pua mwendo usipotee, akachagua mahali pa wazi mbele yake. Hageuki kurudi kiwanjani. Ndege isiyo na nguvu ikipinda karibu na ardhi, mabawa hukosa hewa ya kuibeba, nayo huanguka. Afadhali kuvunja magurudumu katika mahindi kuliko kuvunja shingo ukitafuta kiwanja.

Pawnee hiyo ilibuniwa na Mmarekani Fred Weick. Alimweka rubani juu na nyuma, tangi la dawa mbele yake, ili ndege ikigonga ardhi, injini na tangi vipondeke kwanza kabla ya mtu. Hakutegemea uhodari wa rubani peke yake. Alitengeneza chombo kimlinde. Nasi tudai vivyo hivyo katika kila kazi.

Sasa, kwa nini injini huzimika? Sababu ni nyingi, lakini moja imo mikononi mwetu: maji ndani ya petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, hushuka chini ya tangi, na huko chini ndiko injini inakonyonya. Kila siku kabla ya kuruka, na kila baada ya kujaza, toa petroli kidogo chini ya tangi, itie katika chupa safi, uitazame. Kama kuna maji, yatajitenga na kukaa chini.

Lakini mfanyakazi akisema, "Bwana, kuna maji," naye msimamizi akajibu, "Jaza upesi, upepo unakuja"? Hapo ndipo penye shauri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, humtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na humkataza mwajiri kumrudisha mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Asemaye peke yake huitwa mkaidi. Wakisema wote, ndege husimama. Kwa hivyo tunataka iandikwe katika mapatano: anayesimamisha ndege kwa ajili ya usalama asikatwe mshahara wala asifukuzwe, hata ikionekana baadaye kuwa petroli ilikuwa safi.

Na ajali ikitokea, kanuni za kimataifa zasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Basi wafanyakazi waseme kweli yote, na Chama kisimame nao.

Neno la mwisho. Ndege ikitua kwa lazima karibu nawe, zima sigara, zuia watoto, usiguse dawa, wala usiteke petroli. Mnamo Julai 2021 huko Malanga, Siaya, lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuteka, na moto ukaua zaidi ya watu 10. Atakayesogea asogee kwa kumwokoa mtu tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ndege huzibwa ingali chini.

Umoja ni nguvu.