Kusimamia Njia za Kutafutia Moduli Katika Mazingira Yaliyotengwa: Mafunzo Kutoka Ramani za Mafuriko za Dar es Salaam

1. Utangulizi

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi, walipita katika kata kama Tandale wakichora nyumba, vichochoro na mitaro. Ramani hizo ziliwekwa katika OpenStreetMap. Kuzichambua kulihitaji programu ya ramani ya QGIS na InaSAFE, programu-jalizi yake iliyoandikwa kwa Python.

Kijana wa Kinondoni au Temeke anayetaka kuiendeleza kazi hiyo kwa skripti zake mwenyewe hukwama mapema: anatenga mazingira ya mradi, anaandika `import qgis`, na Python inajibu kwamba moduli hiyo haipo, ingawa QGIS imo kwenye kompyuta ileile. Hoja ya mada hii ni kwamba njia za kutafutia moduli zinapaswa kutajwa ndani ya mradi, zisiachwe kwenye mipangilio ya kompyuta ya mtu mmoja.

2. Python inatafuta wapi

Orodha ya folda zinazopekuliwa inaitwa `sys.path`. Kwa kawaida huanza na folda ya skripti inayoendeshwa, kisha folda zilizotajwa katika kigezo cha mfumo kiitwacho `PYTHONPATH`, kisha maktaba ya msingi ya Python, na mwisho `site-packages`, yaani mahali vifurushi vya kusakinisha vinapokaa. Python hupekua kwa mfuatano huo na kusimama inapopata jina la kwanza linalolingana. Ndiyo maana mtu akiita skripti yake `csv.py`, kila `import csv` katika folda hiyo itachukua faili lake na kuiacha moduli halisi.

3. Mipaka ya utengano

Zana ya `venv`, inayounda mazingira yaliyotengwa, imo ndani ya Python tangu toleo 3.3 la mwaka 2012. Mazingira inayoyaunda huwa na faili la `pyvenv.cfg`, lenye mstari `include-system-site-packages = false`. Mstari huo huzuia vifurushi vilivyosakinishwa nje ya mazingira hayo. Lakini `PYTHONPATH` haizuiwi.

Hapa ndipo penye hatari. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa anayekosa moduli ya `qgis` ni kuandika `export PYTHONPATH` katika `.bashrc`. Kosa litaondoka siku hiyo, lakini folda hiyo itaingia katika kila mradi wa kompyuta hiyo, hata usiohusika na ramani. Kwa mfano, QGIS 3 ilipotoka Februari 2018, ilihama kutoka Python 2 kwenda Python 3. Njia iliyosahaulika inayoelekeza kwenye programu-jalizi za zamani inatosha kuuvunja mradi mpya, na chanzo hakionekani popote katika msimbo.

4. Suluhisho kwa QGIS

Moduli ya `qgis` huja na QGIS yenyewe, wala haisakinishwi kwa `pip` kama vifurushi vingine. Kwenye Ubuntu hukaa katika `/usr/lib/python3/dist-packages`. Kwa hiyo mazingira ya mradi yaundwe hivi:

`/usr/bin/python3 -m venv --system-site-packages mazingira`

Tunatumia Python ya mfumo kwa sababu sehemu za `qgis` zimekompailiwa kwa toleo hilohilo. Vifurushi vya mradi bado vitatangulia vya mfumo katika orodha ya utafutaji, hivyo toleo ulilochagua ndilo litakalotumika.

Moduli ya `processing`, yenye zana za uchambuzi za QGIS, iko kwingine: `/usr/share/qgis/python/plugins`. Andika njia hiyo, mstari mmoja, katika faili lenye kiendelezi `.pth` ndani ya `site-packages` ya mazingira. Itaonekana katika mradi huu tu.

5. Kubeba mazingira kwa flashi

Kwa kuwa bando ni gharama, wengi wetu hunakili folda nzima ya mazingira kwenye flashi na kuwapa wenzetu. Nakala hiyo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu ndani yake mna njia kamili za kompyuta ya kwanza. Peleka `requirements.txt` pamoja na folda ya vifurushi vilivyopakuliwa kwa `pip download`. Mwenzako, akiwa na mfumo na toleo la Python lilelile, aunde mazingira yake na kusakinisha kwa `pip install --no-index --find-links`, bila intaneti. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikazorota, mwenye folda kama hiyo aliweza kuendelea na kazi.

6. Mapendekezo

(a) Kabla ya kurekebisha chochote, endesha `python -m site` uone orodha halisi.
(b) Ondoa `PYTHONPATH` katika `.bashrc`.
(c) Jaribu skripti kwa `python -I`. Hali hiyo hupuuza `PYTHONPATH` na folda ya skripti.
(d) Weka hatua za kuunda mazingira, pamoja na faili la `.pth`, katika maelezo ya mradi.

Ramani za Tandale zilichorwa na watu wengi ili ziwafae watu wengi. Nawaomba walimu na viongozi wa vikundi wasipokee skripti ya ramani mpaka mtu wa pili, kwenye kompyuta nyingine, ameiendesha kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa tu.