Watoto Waliokuja Kabla ya Miezi Yao: Maneno kwa Wazazi na Walimu, Chisenga

Sisi ni wa kamati, tuliovuka maji hadi hapa Chisenga.

Tulipokimbia Katanga mwaka 2017, baadhi yetu tulijifungua njiani, miezi haijatimia. Watoto wale leo wako shuleni. Ndio tunaotaka kuwasemea, maana wanapigwa.

Mwalimu husema: hasikii. Jirani husema: amerogwa. Nasi wazazi, tusijifiche, tumechapa pia. Unamtuma maji na chumvi, anarudi na chumvi peke yake. Mwingine anakaa kimya darasani, macho yako nje. Hasumbui mtu, ndiyo sababu hakuna anayemshughulikia.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 huja ubongo wake ungali unajengwa. Zile wiki za mwisho tumboni ndizo nyuzi za ubongo huungana kwa wingi. Akikosa hewa, akivuja damu kichwani au akipata maambukizo, kazi hiyo huharibika. Hatari ya kushindwa kukaza akili huwa mara 2 au 3 kuliko ya mtoto aliyetimiza miezi. Si wote, wengi husoma vizuri. Lakini anayeshindwa hakupenda kushindwa, wala mama yake hana kosa.

Huko Bogotá, nchini Kolombia, tangu 1978 waganga waliwafunga watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa uhaba wa mashine za joto. Utafiti uliotangazwa 2017 ulionyesha kwamba walipofika miaka 20, waliobebwa hivyo walikuwa na utukutu na ukali mdogo kuliko wenzao. Kitenge tunacho, mama zangu.

Kwa hawa waliokwisha kukua, kwanza wapimwe macho na masikio, kwani huko pia huwa na kasoro tukadhani ni ukaidi. Mwalimu amkalishe mbele, amwambie neno moja kwa wakati mmoja, ampe kazi fupi, amwache asimame kidogo. Fimbo haiungi nyuzi.

Na kwenu wa mashirika, tunaomba mstari mmoja kwenye kadi ya shule: mimba ilikuwa ya miezi mingapi? Mama atajibu bila kutazama daftari.