Uuguzi Ni Kazi ya Akili Pia

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uuguzi wa Homa Bay na Migori)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichopimwa kwa mizani wala kutiwa katika chupa, lakini kikikosekana mgonjwa aweza kupotea huku dawa zimejaa kabatini. Kitu hicho ni akili ya kuuliza, yaani desturi ya kutoridhika na jibu la kwanza mpaka umelichunguza.

Ninyi mlioingia katika vyuo vya mafunzo ya utabibu vya Homa Bay na Migori mna miaka mitatu ya kusomea stashahada, kisha mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Katika shule tulizotoka tulizoea kukariri. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, na siku ya mtihani tukamrudishia maneno yake kama tulivyoyapokea. Kukariri si kubaya, maana mwuguzi asiyejua kwa moyo dalili za hatari ni kama mvuvi asiyejua upepo. Lakini mgonjwa hakusoma kitabu chako. Haji kwako na dalili zake zimepangwa kwa mafungu, kila moja na namba yake.

Mimi kazi yangu ni kufasiri maneno, basi nianze na neno moja. Watu wetu husema, “Mtoto ana homa.” Neno hili ni kikapu kikubwa. Ndani yake mna joto la mwili, mna mafua, mna malaria, na pengine mna ugonjwa ambao mama hana jina lake. Mfasiri akilipokea neno hilo bila kuuliza, atafasiri vibaya, na hasara yake ni karatasi moja kuchanwa. Mwuguzi akilipokea bila kuuliza, hasara yake yaweza kuwa kaburi.

Chukulieni mfano. Mama mmoja amefika kituo cha afya huko Nyatike, amempakata mtoto wa miaka miwili. Mtoto ana joto. Foleni ni ndefu, jua ni kali. Mwanafunzi anamtoboa mtoto kidole, anafanya kipimo cha haraka cha malaria, na mstari unaonekana. Anaandika “malaria”, anatoa vidonge, anaita mwingine. Je, amekosea? Hakukosea kupima. Kabla ya 2010, mtoto mwenye homa katika nchi ya malaria nyingi aliweza kupewa dawa bila kupimwa. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani likashauri ya kuwa kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kosa lake ni kuacha kufikiri mara alipouona ule mstari.

Laiti angaliuliza, “Je, mtoto huyu alitibiwa malaria siku za karibuni?” mama angalimjibu, “Ndiyo, siku kumi zilizopita.” Na vipimo vingi vya haraka huendelea kuonyesha mstari kwa majuma kadhaa baada ya vijidudu kwisha katika damu. Tena, katika nchi kama hii ya kando ya ziwa, mtu aweza kuwa na vijidudu vichache damuni, na kumbe ugonjwa uliomlaza ni mwingine kabisa.

Na laiti angalifunua kifua cha mtoto, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima! Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni pumzi ya haraka. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, mpaka ni 50. Huyu wa mfano wetu alivuta pumzi 56. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi ya namna hiyo yapasa adhaniwe kuwa na kichomi mpaka ionekane vinginevyo, na dawa ya malaria haitibu kichomi. Dakika moja ya kuhesabu ingalitosha kugeuza njia ya matibabu yote.

Basi, kila umwonapo mgonjwa, jiulize maswali matatu. La kwanza: Najuaje? Je, nimeona kwa macho yangu, nimepima, au nimeambiwa tu? La pili: Yaweza kuwa nini kingine? Mtoto wa huku mwenye homa na macho meupe, mwenye mikono na miguu iliyovimba, pengine ana ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika nchi ya ziwa. La tatu: Kama nimekosea, nitajuaje mapema? Swali hili ndilo litakalokurudisha kitandani baada ya kutoa dawa, utazame kama joto limeshuka, na kama mtoto ananyonya.

Hata habari njema yataka kufikiriwa. Mwezi wa Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa katika Kenya, na uzinduzi huo ulifanyika Homa Bay. Chanjo hiyo hupunguza malaria, haiiondoi yote. Basi anayesema, “Huyu amechanjwa, hawezi kuwa na malaria,” ameruka swali. Na anayesema, “Kila homa ni malaria,” ameliruka vile vile.

Msidhani ya kuwa wakubwa wa kazi hii walizaliwa wakijua. Bibi Florence Nightingale alifika hospitali ya askari ya Scutari, katika Uturuki, mwezi wa Novemba 1854. Askari walikufa kwa wingi, naye alidhani sababu kubwa ni chakula kibaya, upungufu wa vifaa, na wagonjwa kufika wamekwisha dhoofika. Vita vilipokwisha aliketi na Bwana William Farr, fundi wa hesabu za vifo, akazitazama namba upya. Akaona ya kuwa uchafu wa majengo na mifereji ulikuwa umeua watu wengi mno. Alikubali kubadili mawazo yake, akachora picha za hesabu ili wakubwa wa serikali waone, na mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa London. Ukubwa wake ni huo, ya kuwa aliziacha namba zimsahihishe.

Sasa nafika penye ugumu. Kwetu mtoto hufundishwa kutobishana na mkubwa, na mwanafunzi wa wodini ndiye mdogo kuliko wote. Itakuwaje ukiona nukta imesahauliwa katika kiasi cha dawa, na mtoto yu karibu kupewa mara kumi ya kipimo chake? Ukinyamaza kwa heshima, heshima hiyo itamfaa nani? Lakini adabu na ukweli hukaa nyumba moja. Sema, “Sista, naomba tusome kiasi hiki pamoja kabla ya kumpa.” Hukumtukana mtu, umemwomba msaada. Nanyi wakubwa mnaofundisha wodini, mwanafunzi akiuliza hivyo, msimkemee mbele ya watu. Mkimnyamazisha leo kwa swali dogo, kesho atanyamaza penye kubwa.

Nanyi wazazi, mliotoka Mfangano kwa mashua au Kuria kwa pikipiki, mna sehemu yenu. Mwelezeni mwuguzi homa ilianza lini, mtoto amekwisha kunywa dawa gani, hata zile za dukani na za miti shamba, na kama anatapika kila kitu, ameshindwa kunyonya, au amepatwa na degedege. Msifiche kwa kuona haya. Mwuguzi hawezi kufikiri juu ya asichoambiwa.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vijana wangu, vyeti mtapata, na sare nyeupe mtavaa. Lakini mama atakayekukabidhi mtoto wake usiku, taa moja ikiwaka, hatauliza ulipata alama ngapi. Atakutazama uso tu, akitumaini ya kuwa nyuma ya uso huo kuna mtu anayefikiri. Msimvunje tumaini lake.

Kwaherini.