Meza ya Mwalimu wa Marubani



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundi. Nimechagua simuleta, yaani chombo kinachomfundisha rubani wa jeshi kuruka angali ardhini.

Mnamo 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, alitengeneza ndege bandia iliyoinama na kugeuka kwa mivukuto ya hewa, kama ile ya vinanda. Mwanzoni jeshi halikuijali. Mwaka 1934 jeshi lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani wasiozoea kuruka gizani na mawinguni kwa kufuata vipimo tu walianguka, na zaidi ya 10 wakafa katika miezi michache. Ndipo jeshi likanunua vyombo 6 vya Link.

Mwanafunzi alifunikwa ndani asione nje. Mwalimu alikaa mezani akisoma vipimo vile vile, na juu ya ramani yake kalamu ya magurudumu matatu ilichora njia yote kwa wino. Zoezi lilipokwisha hapakuwa na ubishi: mwanafunzi alijionea mahali alipoanza kupotea.

Baadaye kompyuta zilimwezesha mwalimu kuzima injini, kuleta ukungu, kusimamisha safari na kuirudia. Mwaka 2018, huko Austin, Texas, Jeshi la Anga la Marekani lilijaribu kufundisha kwa miwani ya kompyuta inayomwonyesha mwanafunzi anga pande zote. Lakini wingi wa vitufe nao ni mzigo. Mwalimu anayehangaika kutafuta kitufe huacha kumtazama mwanafunzi, na kosa lililompita hapo hulipwa angani kwa roho za watu.

Kwa maoni yangu, chombo cha mwalimu kipimwe kwa mambo matatu: kimwonyeshe kosa lilipoanza, kimpunguzie kazi ya mikono, na kumbukumbu zake aonyeshwe mwanafunzi upesi, kabla hajasahau alichokuwa akifikiri.

Vijana mtakaokuwa wahandisi, kabla ya kuongeza kitufe kimoja, kaeni siku nzima kando ya mwalimu kazini. Nasi tulio maofisini, tunapoidhinisha fedha za mitambo ya mafunzo, tusitazame kiti cha mwanafunzi peke yake. Tuulize pia mwalimu amewekewa nini mezani.